Kulima na Kutunza



Kiangazi chakaribia kwisha. Watu wa Kalemie wakiitazama milima wakati wa jioni, waona mistari ya moto. Na asubuhi hewa imejaa moshi hata ziwa halionekani vizuri. Sisi wakulima twaujua moto huo, kwa maana ni sisi tunaouwasha. Twafyeka, twaacha majani yakauke, twachoma, kisha twangoja mvua za Oktoba ili tupande mahindi na mihogo katika majivu.

Leo sitaki kuwauliza kama moto huo ni mbaya. Jambo hilo mmekwisha kulisikia mara nyingi, shuleni, kanisani na katika redio. Nataka kuwauliza neno lingine lililo gumu zaidi: Kwa nini mtu ajuaye ya kuwa moto waharibu udongo wake, bado awasha kiberiti? Na tena: ni kitu gani kimsaidiacho mkulima hata aache miti ya Mungu isimame shambani, na ndege na nyuki wapate makao karibu naye?

Jibu langu nawaambieni tangu mwanzo, mpate kulipima. Mara nyingi mkulima akataa jema kwa sababu anaogopa, na hofu yake ina sababu ya kweli. Hofu hiyo haiondolewi kwa makaripio. Huondolewa kwa haki na kwa upendo wa jirani. Neno hilo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu, kama nitakavyowasimulia.

I. AGIZO LA MUUMBA

Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, chatusimulia kwamba Mungu alimweka mtu wa kwanza bustanini na kumpa kazi mbili: ailime na aitunze. Angalieni vizuri: ni kazi mbili. Mwenye kulima bila kutunza ametimiza nusu tu ya agizo. Vilevile, mwenye kuhubiri utunzaji na kumnyima maskini mahali pa kulima, naye ameacha nusu.

Katika sura ya kwanza twasoma tena kwamba Mungu alivitazama viumbe vyote, kila kimoja kwa aina yake, akaona ni vyema. Hakuona vyema muhogo peke yake. Tazameni basi jinsi viumbe hivyo vingi visaidianavyo katika mashamba yetu.

Nyuki huchukua unga wa maua kutoka ua dume la boga mpaka ua jike. Pasipo nyuki au mdudu mwingine wa namna hiyo, boga halifungi tunda. Mizizi ya maharagi na ya karanga ina vinundu vidogo. Ndani yake wakaa viumbe wasioonekana kwa macho, ambao huchukua katika hewa chakula cha mimea na kukiweka udongoni. Ndege, nyigu na siafu hula viwavi. Mnawajua viwavijeshi walioonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, wakaenea upesi hata katika mahindi yetu. Shamba lisilo na mti wala kichaka pembeni halina makao ya ndege, na hapo kiwavi hana adui wa kumwogopa. Majani yaozayo juu ya ardhi huifunika kama blanketi, nayo ardhi hushika maji.

Lakini mlima ukiwa mtupu, mvua huchukua udongo na kuutupa ziwani. Na ziwa letu Tanganyika si ziwa kama mengine. Kina chake ni karibu meta 1,470. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na wengi wao huishi katika mawe ya karibu na ufuko. Udongo ukiyafunika mawe hayo, samaki wakosa chakula na mahali pa kutaga mayai. Hivyo moto wa mkulima wafika hata katika sufuria ya mvuvi.

Lazima pia tuseme ukweli juu ya majivu. Majivu yana nguvu. Shamba lililochomwa hutoa mavuno mazuri mwaka wa kwanza, na pengine wa pili. Wazee wetu hawakuwa wajinga: walikata mahali padogo, wakavuna, kisha wakahama na kuliacha pori lipumzike miaka mingi, hata miti ikawa mikubwa tena. Katika Kitabu cha Walawi Mungu mwenyewe aliwaagiza Waisraeli kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba. Siku hizi watu ni wengi kandokando ya Kalemie, na makala yatafutwa kila siku kwa kupikia mjini. Twarudi kuchoma mahali pale pale baada ya miaka miwili au mitatu. Pumziko limekwisha, na moto umebaki.

II. AIBU YANGU

Mwezi wa Mei mwaka 2023 mvua kubwa ilinyesha Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Maji yalishuka kutoka milimani pamoja na mawe na matope, yakafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Walikufa watu zaidi ya 400. Habari hiyo ilinishtua sana. Septemba ya mwaka ule ule, siku ya mafundisho, niliitumia kuwatisha wakatekumeni wangu. Niliwaambia kwamba wakizidi kuchoma mlima, yatawapata kama ya Kalehe.

Nilipokuwa nikisema, moshi ulikuwa ukipanda upande wa pili wa bonde, na kila mtu alijua ni shamba la nani. Nikamgeukia mama mmoja aliyeketi nyuma, mtoto mgongoni, nikamkaripia mbele ya wote. Nikamwuliza kama mtu anayeunguza kazi ya Muumba anajua maana ya Ubatizo anaouomba.

Yule mama alisimama kwa heshima, akajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, shamba si langu. Nimepewa kwa msimu mmoja." Kisha akaketi. Dominika iliyofuata hakuja. Wala ya pili.

Nikaenda kwake. Nilimkuta akitwanga sombe. Unga wa bukari ulikuwa umekwisha tangu juzi. Hakunilaumu, alinipa kiti. Nilipouliza habari za shamba, alinieleza taratibu. Miaka mitatu kabla, alikuwa na shamba jingine la kukodi. Shuleni kwetu tulikuwa tumewagawia watoto miche ya miti ya matunda; mwanawe alileta nyumbani miche minne, wakaipanda ukingoni mwa shamba. Yeye mwenyewe aliacha visiki vichipue, akafunika udongo kwa majani bila kuchoma. Mwaka wa pili shamba likaanza kupendeza. Ndipo mwenye ardhi alipokuja, akaitazama ile miche, akasema: "Mwenye kupanda mti anatafuta kuchukua nchi." Akaing'oa, akalitwaa shamba lake. Tangu hapo mama alihama kila msimu kutoka shamba hadi shamba, na kila alipofika alichoma. Kwa maana mtu aliyepewa msimu mmoja hawezi kungoja majani yaoze.

Wapenzi, nilikosa la kusema. Miche ile niliigawa mimi. Mimi ndimi niliyemfundisha mwanawe kuipanda. Mama aliyenisikiliza alinyang'anywa shamba, nami nikamwaibisha mbele za watu kwa tendo ambalo sikumwachia njia nyingine. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alitufundisha katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapaswa kusikilizwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesikia kimoja tu.

Nilimwomba mama yule msamaha pale pale. Na Dominika iliyofuata nikauomba tena mbele ya wakatekumeni wote, kwa sababu kosa la hadharani lataka toba ya hadharani. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kabla ya kukaripia. Haya ndiyo niliyoyapata.

III. MAMBO YANAYOZUIA

Kwanza, hofu ya njaa. Mkulima akiacha kuchoma, magugu humshinda nguvu katika msimu wa kwanza, na huenda mahindi yakapungua. Faida yaja baadaye, lakini tumbo ladai leo. Mwenye akiba aweza kujaribu. Asiye na akiba, jaribio lake moja likishindwa, watoto hulala na njaa. Mwamkumbuka mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Nabii Elia alimwomba sehemu ya unga wake wa mwisho, lakini alimletea pia ahadi ya Mungu kwamba unga hautakwisha. Sisi tunaowaambia maskini wabadili kilimo bila kuwasaidia kupita msimu mgumu, twaomba unga wa mjane bila kuleta ahadi ya nabii.

Pili, ardhi isiyo na uhakika. Sheria ya mwaka 1973 yasema kwamba ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Mila ya kijiji yasema ni ya ukoo. Na mama mwenye jembe hana karatasi ya Serikali wala ukoo wa kumtetea. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Naboti, na Naboti akauawa kwa ajili yake. Mungu hakunyamaza. Hata leo shamba lililotunzwa vizuri huvuta macho ya wenye nguvu, na maskini wajua jambo hilo. Ndiyo sababu wengi hawathubutu kulipamba shamba la kuazimwa.

Tatu, vita. Tangu mwaka 2013, na zaidi katika miaka ya 2016 na 2017, mapigano kati ya Waluba na Watwa yaliwafukuza watu wengi sana katika mkoa wetu wa Tanganyika. Wengi walikimbilia kandokando ya Kalemie, wakakaa katika vibanda vya majani. Walikata miti wakapika, walikata miti wakachoma makala wakauza, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kupata franka za kununulia unga. Nani angewaambia wapande mwembe? Mwembe wataka miaka, na wao hawakujua watalala wapi juma lijalo. Anayetaka misitu irudi, na aombe amani, na aijenge.

Nne, moto wa jirani. Mmoja huacha majani shambani yaoze, akaacha na miti. Kumbe kijana mmoja anayewinda panya wa mwituni awasha moto bondeni, na upepo waupandisha. Kwa saa moja kazi ya miaka mitatu yateketea. Mwaka ujao mkulima yule atachoma yeye mwenyewe mapema, akisema afadhali moto wangu kuliko wa mwenzangu. Kutunza si kazi ya mtu mmoja.

Tano, amri za kulazimishwa. Wabelgiji walipotawala, dekreti ya mwaka 1917 iliwapa watawala nguvu ya kuwalazimisha watu kulima mazao yaliyochaguliwa na Serikali, hasa pamba, na asiyelima aliadhibiwa. Hapa kwetu, wakati mji ungali ukiitwa Albertville, pamba ilisokotwa na kufumwa katika kiwanda cha Filtisaf. Huenda mashauri mengine ya siku zile yalikuwa mazuri kwa udongo. Lakini yaliletwa pamoja na faini na fimbo, na watu wakayachukia yote kwa pamoja. Baadaye walifika wageni wa namna nyingine, wenye magari na karatasi. Waligawa majembe, wakapiga picha, wakaondoka kabla miti haijafika kiunoni. Watu wakajifunza kuitika ndiyo kwa mdomo na kungoja mgeni aende zake.

IV. MAMBO YANAYOSAIDIA

Lakini msivunjike moyo. Ziko sehemu ambako wakulima wameyaacha mazoea ya kuharibu, na mifano yao yatuonyesha njia.

La kwanza ni kuulizwa. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kigoma, ipo hifadhi ya sokwe ya Gombe, ambako bibi Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Miaka ilipopita, msitu nje ya hifadhi ulikatwa hata milima ikabaki mitupu. Mwaka 1994 yeye na wenzake walianza katika vijiji vya huko kazi iitwayo TACARE. Waliwauliza wanakijiji kwanza mahitaji yao wenyewe, nao walitaja chakula, afya na elimu ya watoto. Kazi ikaanzia hapo. Na watu walipoona kwamba shida zao zimesikilizwa, walikubali kutenga misitu ya vijiji na kuilinda. Katika Evanjili ya Marko, sura ya 10, Bartimayo kipofu analia njiani. Kila mtu aona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana Yezu amwuliza kwanza anataka atendewe nini. Ikiwa Mwana wa Mungu aliuliza, sisi ni nani hata tusiulize?

La pili ni sheria ambayo watu waiona kuwa yao. Wasukuma wa Shinyanga, katika Tanzania, walikuwa na desturi ya kufunga sehemu za malisho wakati wa mvua ili zitumike kiangazi. Sehemu hizo huitwa ngitili. Desturi hiyo ilififia, na nchi ikawa karibu jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kwa busara ikaifufua desturi ya wazee badala ya kuleta ngeni. Mikutano ya mila, dagashida, ilitunga kanuni na adhabu. Zilizokuwa hekta mia chache za ngitili zikawa zaidi ya 300,000. Miti, ndege na dawa za mitishamba vikarudi. Moto wa jirani, ambao mtu mmoja hawezi kuuzuia, kijiji kizima chaweza kuuzuia.

La tatu ni uhakika wa kuvuna. Katika Kongo yetu, huko Mampu kwenye uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, familia zaidi ya 300 zilipewa kila moja hekta 25 zenye miti ya akasia. Katika nafasi ya miti iliyokatwa hulima mihogo na mahindi. Huuza makala, huvuna asali, na huiacha akasia iote tena, nayo hurutubisha mchanga. Akasia ile ilitoka mbali, haiwezi kuchukua nafasi ya msitu wetu wa asili wenye aina nyingi za viumbe. Lakini yatufundisha neno moja: familia huutunza mti inapojua kwamba faida yake itarudi nyumbani kwao.

La nne ni kuona kwa macho. Filipo hakubishana na Natanaeli juu ya Yezu; alimwalika aje kuona. Mkulima haamini maneno ya mwalimu kama anavyoamini maharagi ya jirani yake.

V. DAFTARI LA MIAKA MITANO

Sasa nirudi kwa yule mama. Pamoja na wazee wa kanisa na mkuu wa kijiji tulikwenda kwa yule mwenye ardhi aliyeing'oa miche. Ni Mkristu, nasi twapiga magoti mbele ya altare moja. Nilikwenda na hasira moyoni. Lakini mara hii niliuliza kwanza. Akatueleza kwamba wakati wa vita alikimbia, na aliporudi alikuta watu wengine wamepanda michikichi katika ardhi ya baba yake, wakidai ni yao. Tangu hapo, kila mche alioona kwake ulikuwa kama mwizi. Naye pia alikuwa akiogopa.

Tukaandika mapatano katika daftari la shule. Mama atalima miaka mitano. Kupanda mti hakutampa haki ya kuidai ardhi. Mwenye ardhi hatalitwaa shamba kabla ya miaka kutimia. Matunda ya miti yatagawanywa nusu kwa nusu. Wote wawili waliweka alama ya kidole, na mashahidi wakatia sahihi.

Sitawadanganya kwamba mavuno ya kwanza yalikuwa mengi. Nusu ya shamba mama hakuichoma, na magugu yalimzidi; jumuiya yetu ikaenda siku mbili kumsaidia kupalilia. Mahindi yake yalikuwa machache kuliko ya majirani; maharagi yalitoa vizuri. Mwaka wa pili mvua ilikatika kwa majuma matatu. Mahindi ya jirani yalikunja majani. Yake, katika udongo uliofunikwa, yalisimama. Hapo watu wakaja wenyewe kutazama. Wakulima wengine watatu wameniomba niwaandikie daftari. Yule mama alibatizwa usiku wa Pasaka ya mwaka 2025, na mwenye ardhi alikuwapo kanisani.

VI. MTAKATIFU WA WALIOKODI

Wengine watasema: mimi ni maskini, sina hata shamba, nitatunza nini? Mtazameni Mtakatifu Isidori wa Madrid, msimamizi wa wakulima, ambaye Eklezya humkumbuka tarehe 15 Mei. Hakuwa na shamba. Maisha yake yote alilima ardhi ya bwana wake kwa ujira. Mapokeo yasimulia kwamba siku moja ya baridi kali, akipeleka nafaka kwenye kinu, aliona njiwa wenye njaa. Akafungua gunia, akawamwagia sehemu. Wenzake walimcheka, lakini walipofika kinuni, gunia lilikuwa limejaa. Mwaka 1622 Papa Gregori wa Kumi na Tano alimtangaza mtakatifu siku moja na Inyasi wa Loyola, Fransisko Saveri, Filipo Neri na Tereza wa Avila. Mfanyakazi wa shamba alisimama katikati ya wakuu wa Eklezya.

VII. BASI TUFANYE NINI?

Wewe uliye na ardhi: mpe mwenzako anayelima kwako miaka ya kutosha, na neno lako liandikwe mbele ya mashahidi. Kumnyang'anya mtu shamba alilolitengeneza kwa jasho lake ni kosa dhidi ya amri ya saba.

Wewe unayekodi: usianze na shamba zima. Anza na nusu, au robo. Acha miti michache isimame, hasa kandokando ya kijito. Changanya muhogo na karanga au maharagi. Rundika majani uliyofyeka kwa mistari inayokata mteremko, yazuie maji, yaoze. Weka mzinga wa nyuki mmoja.

Ninyi nyote wa kijiji: kabla ya kiangazi kijacho kaeni pamoja, mkubaliane juu ya moto, nani asafishe mpaka, nani alinde, na mwenye kuunguza shamba la mwenzake alipe nini.

Nasi walimu na makatekista: tuulize kabla ya kufundisha, na tushike jembe kabla ya kushika kalamu. Katika Evanjili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba alitaka kuukata mtini usiozaa. Lakini mtunzaji aliuombea mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea yeye mwenyewe. Hakuulaumu mtini. Alijitolea mikono yake.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Mungu alimpa mtu wa kwanza kazi gani mbili bustanini? Mimi naitimiza ipi, na ipi nimeisahau?
2. Katika kijiji chetu, ni nani anayechoma kwa sababu hana njia nyingine? Tumekwisha kumwuliza?
3. Je, kuna mtu anayeogopa kupanda mti kwa sababu yangu?
4. Kiangazi hiki, ni sehemu gani ya shamba langu nitakayoiacha bila moto?

SALA

Ee Mungu Baba, Muumba wa ziwa na milima, umetupa ardhi tuilime na tuitunze. Utusamehe tulipoharibu kwa uvivu, na utuhurumie tulipoharibu kwa hofu. Uwape wenye ardhi moyo wa haki, uwape wanaokodi moyo wa saburi, utupe sote amani katika nchi yetu. Wabariki nyuki na ndege na mbegu tutakazopanda mvua zikija. Mtakatifu Isidori, utuombee. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.